Miguu ya Mpagazi na Miguu ya Mtunisha Misuli

Katika karne ya kumi na tisa hapakuwa na jambo lililompa kijana wa Kinyamwezi jaha mbele ya rika lake, na kumstahilisha kuposa, kuliko kwenda pwani na kurudi akiwa na mzigo begani. Richard Burton, Mwingereza aliyewasili Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba mwaka 1857 pamoja na mwenziwe Speke, aliandika kwamba watoto wa nchi ile walianza kubeba kipembe kidogo cha ndovu wangali wadogo. Waliendelea hivyo hata, walipofika utu uzima, wakauweza mzigo kamili wa frasila mbili, yaani ratli sabini au kilo zipatazo 32, na juu ya hizo jamvi la kulalia, chungu na silaha, wakashika njia ya Ugogo na Mpwapwa mpaka Bagamoyo.

Si ajabu basi kwamba kijana wa Tabora wa zama hizi, akiulizwa mbona anatunisha kifua na mikono na kuisahau miguu, hujibu kwa fahari kwamba miguu kwake ni urithi wa babu. Ingia katika ua mmojawapo wa mazoezi ya mitaani, ambamo vyuma vimeundwa kwa bomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, utauona ubao wa kulalia wakati wa kusukumia kifua umesuguliwa na migongo hata unang'aa, na mpini wa chuma cha mikono umelika pale unaposhikwa. Lakini pa kuchuchumalia na chuma hapana. Wapo wenye mabega yanayojaza mlango ambao huvaa suruali ndefu ya michezo hata katika joto la Oktoba, na sababu ya vazi hilo haifichiki.

Hoja ya urithi ina utamu wa nasaba, walakini haisimami mbele ya elimu ya mwili. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo upagazi wa masafa marefu ukaanza kufifia, kwa hivyo aliyechoka alikuwa babu, si mjukuu. Lakini tuseme hata mjukuu angetembea. Msafara uliondoka alfajiri, na aghalabu ulitua kabla ya jua kuwa kali, ukiwa umekwenda kilomita kumi na tano au ishirini. Katika kilomita ishirini mtu hupiga hatua zipatazo 28,000, maana yake kila mguu hurudia kazi ile ile mara 14,000 kwa siku moja. Msuli unaoweza kurudia jambo mara elfu kumi na nne haukulifanya kwa nguvu zake zote hata mara moja. Kinachostawishwa na mwendo wa namna hiyo ni moyo, mapafu, mishipa midogo ya damu iliyosambaa ndani ya misuli, na uwezo wa kuunguza chakula polepole pasipo kuchoka. Hiyo ni neema kubwa, wala simdharau aliyejaliwa nayo. Ila si unene.

Msuli ni mkusanyiko wa nyuzi, nazo kwa jumla ni za tabaka mbili: ziko zinazojikaza polepole, zenye stahamala nyingi, na ziko zinazojikaza upesi, zenye nguvu kubwa, ambazo huchoka mapema lakini hunenepa kwa wepesi zaidi. Mwili ni bahili kama tajiri wa msafara, hauajiri mpagazi wa pili maadamu wa kwanza angali anauweza mzigo. Kwa hiyo nyuzi stahimilivu hutangulizwa kazini, na zile kubwa huitwa mwisho, ama kwa sababu mzigo ni mzito mno, ama kwa sababu mzigo wa wastani umerudiwa hata za kwanza zimeelekea kushindwa. Mkazo huo unaouvuta kila uzi karibu na kikomo chake ndio unaouamrisha mwili kuongeza protini ndani ya nyuzi, na kwa nyongeza hiyo paja hujaa.

Kilikuwapo na kizuizi cha pili, nacho ni chakula. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yapata ratli moja na nusu, na mtu aliyetembea saa nne au tano na mzigo hakubakiwa na akiba ya kujengea nyama mpya kwa posho kama hiyo.

Hata hivyo katika desturi ile ya utotoni mlikuwa na kanuni ambayo watunisha misuli wote duniani huifuata mpaka leo, nayo ni kuongeza mzigo kidogo kidogo kadiri nguvu inavyoongezeka. Mtoto alianza na kipembe na akaishia na frasila mbili. Alipofika hapo mzigo ulisimama, na sababu ya msuli kukua nayo ikasimama. Atakaye miguu minene sharti aendelee pale mpagazi alipokomea.

Zoezi la msingi ni kuchuchumaa na chuma mabegani, ambalo vijana huliita skwati. Chuma hulazwa juu ya nyama ya mabega nyuma ya shingo, si juu ya mfupa wa shingo. Miguu hutanuliwa kiasi cha upana wa mabega. Pumzi huvutwa na kukazwa tumboni. Kisha mtu hushuka taratibu hata mapaja yawe sambamba na ardhi au chini ya hapo, visigino vikiwa vimekamata ardhi na magoti yakielekea vinakoelekea vidole. Watu wetu, waliozoea tangu utotoni kuchuchumaa msalani na jikoni, wengi wao wana nyonga na vifundo laini ambavyo wenzao wa Ulaya, waliozoea viti, huvitafuta kwa taabu. Nami huona ni hasara iliyoje mtu mwenye bahati hiyo kushuka nusu ya njia, tena kwa mzigo mkubwa asioumudu, ili asifiwe na waliosimama pembeni.

Idadi ya marudio si siri. Mara tano au mara thelathini, ukuaji hukaribiana, mradi kila seti imekoma pale ambapo zingebakia mara moja au mbili au tatu tu mtu ashindwe. Lakini skwati za mara thelathini humaliza pumzi kabla ya kumaliza mapaja, kwa hiyo nafuu ni kati ya sita na kumi na mbili. Kwa kila fungu la misuli, seti kama kumi katika juma, zilizogawanywa katika siku mbili zilizoachana, zamtosha mtu wa kawaida. Na baina ya seti na seti apumzike dakika mbili au tatu bila ya kuona haya. Zikimwia nyepesi zile kumi na mbili, aongeze kilo mbili au tano, asingoje miezi.

Skwati peke yake, hata hivyo, huacha deni nyuma. Misuli ya nyuma ya paja huvuka maungio mawili, nyonga na goti, na mtu achuchumaapo urefu wake haubadiliki sana, hivyo hupata faida haba. Hiyo hudai kuinama na chuma mikononi, mgongo ukiwa umenyooka na magoti yamelegea kidogo, mpaka mtu ahisi mvutano nyuma ya mapaja. Na hudai pia kukunja goti, jambo lisilohitaji mashine yoyote: piga magoti juu ya jamvi, mwenzio akushike vifundo, kisha jiachilie mbele polepole kwa kuzuia. Wengi hawamalizi mara tano siku ya kwanza.

Vigimbi ndivyo vyenye ukaidi. Mmoja wa misuli yake, ule wa ndani, umejaa nyuzi stahimilivu zilizokwisha kuzoea kubeba mwili mchana kutwa, na mazoezi mepesi hayaushtui. Arnold Schwarzenegger mwenyewe amesimulia jinsi alivyokwenda Afrika Kusini katika miaka ya 1960 kwa Reg Park, bingwa wa kutunisha misuli aliyemtangulia, akamkuta akiinua visigino na mzigo wa ratli elfu moja, hali yeye alikuwa akitosheka na mzigo mwepesi zaidi. Aliporudi alikata suruali zake za mazoezi magotini ili kila mtu auone udhaifu wake na yeye mwenyewe asiusahau. Simama kwa ncha za nyayo juu ya tofali, shusha kisigino chini kabisa, tulia kidogo pale chini ambapo msuli umevutika, ndipo uinuke.

Kuhusu chakula, tafiti huelekeza kiasi cha gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 104 kwa mtu wa kilo 65. Tabora haina udhuru hapa. Gramu 100 za karanga zina gramu zipatazo 25, maharage makavu hayako mbali na hapo, na dagaa wa Kigoma waliokaushwa huzidi vyote hivyo. Karanga hizo ndizo zilizoishinda serikali ya Uingereza, ambayo kuanzia mwaka 1947 ilileta matrekta ya kuzilima Kongwa, Nachingwea na Urambo, na mwaka 1951 ikauacha mradi. Mkulima mwenye jembe la mkono ameendelea kuzipanda. Ajuaye kusaga karanga na kula maharage kwa ugali hana haja ya kununua unga wa makopo kwa bei ya mbuzi.

Tahadhari moja, kwa kuwa misuli ya miguu ni mikubwa na hasira ya siku ya kwanza ni nyingi. Maumivu ya siku mbili tatu ni ya kawaida, wala si kipimo cha faida. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya chai baada ya mazoezi, na misuli ikavimba, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu msuli uliovunjika kupita kiasi humwaga sumu kwenye figo.

Nawageukia sasa wenye kumbi za mazoezi za mitaani, maana kosa si la vijana peke yao. Pasipo kichanja cha kuwekea chuma, mtu anaweza kuchuchumaa tu na kile anachoweza kukinyanyua mwenyewe kutoka ardhini na kukivusha juu ya kichwa, nacho ni kidogo mno kwa mapaja. Kichanja hakihitaji mashine kutoka ng'ambo. Nguzo mbili madhubuti za mninga, mti wa misitu yetu, zenye panda kwenye kimo cha mabega, zikisimikwa kwa zege na kuongezewa boriti mbili za chini za kupokea chuma kikimshinda mtu, zatosha kwa miaka mingi. Fanyeni hilo kabla ya kununua kioo kingine.