Kipimo cha Kalsitonini kwa Wenye Vinundu vya Tezi ya Shingo: Nani Apimwe?

Katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, rovu si jambo geni. Sehemu kubwa ya uvimbe huo katika maeneo ya milima nchini Tanzania ilitokana na upungufu wa madini joto, na ndiyo maana tangu miaka ya 1990 chumvi ya kuuzwa hutakiwa kuongezewa madini hayo. Chumvi inayokusanywa Ziwa Balangida na kutumika bila kupitia kiwandani haina nyongeza hiyo. Hivyo mganga wa Haydom au Katesh huona vinundu vingi vya tezi ya shingo, na vilivyo vingi si saratani.

Miongoni mwa saratani chache za tezi hiyo, iko moja ya aina ya pekee: saratani ya medula. Haianzi katika seli zinazotumia madini joto, bali katika seli C, zinazotengeneza homoni ya kalsitonini. Kwa sababu hiyo tiba ya madini joto yenye mionzi, inayosaidia aina nyingine, haina faida hapa. Tegemeo ni upasuaji wa mapema. Lakini seli hizo humwaga kalsitonini katika damu, na damu inaweza kufichua ugonjwa ambao sindano ya kuchukua seli kinunduni mara nyingi huukosa.

Mbona basi tusimpime kila mwenye kinundu? Katika watu 1000 wenye vinundu, ugonjwa huu hupatikana kwa 3 au 4 hivi. Tuseme kipimo kinakosea kwa watu 2 tu katika kila 100 wasio nao: takriban 20 wataingiwa na hofu ya saratani wasiyokuwa nayo. Kalsitonini hupanda kidogo kwa mwenye figo zilizoshindwa kazi, kwa mvutaji sigara, na kwa anayemeza omeprazoli muda mrefu (dawa ambayo siku hizi humezwa kama peremende). Na aliyeondolewa tezi yote atatumia levothairoksini maisha yake yote. Mwongozo wa Chama cha Tezi cha Marekani wa mwaka 2015 haukupendekeza upimaji wa wote wala haukuukataza. Kwa mazingira yetu, naona tuchague.

Apimwe mwenye ndugu wa damu aliyepata saratani hii, kwani takriban robo ya wagonjwa wameirithi kupitia hitilafu ya jini ya RET. Apimwe mwenye kinundu kigumu pamoja na mitoki shingoni, sauti iliyokwaruza kwa muda mrefu, au kuharisha kusikoelezeka. Na yule ambaye majibu yake ya sindano yana utata.

Kalsitonini huharibika upesi katika joto la kawaida. Damu iwekwe kwenye barafu mara itolewapo, seramu itenganishwe mapema, na isafiri ikiwa imeganda. Chupa iliyoshinda kutwa ndani ya basi la Arusha inaweza kuleta jibu la chini lisilo la kweli, nalo ni baya kuliko kutopima, maana humtuliza mgonjwa.

Jibu la chini ya pikogramu 10 kwa mililita kwa kawaida halitii shaka. Likizidi 100, mgonjwa apewe rufaa bila kuchelewa. Likiwa katikati, figo zichunguzwe, omeprazoli isimamishwe ikiwezekana, kipimo kirudiwe. Kabla ya upasuaji, mgonjwa apimwe pia uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, ambao huweza kuandamana na aina ya kurithi: usipotibiwa kwanza, shinikizo la damu laweza kupanda ghafla na kumuua mezani. Maumivu ya kichwa, jasho na moyo kwenda mbio ni ishara zake.

Nawe mgonjwa, ujapo kliniki, njoo na dawa zote unazomeza, na uwe umewauliza wazee wa ukoo ni nani aliyewahi kupasuliwa shingo.