Mbwa Mdogo, Safari Ndefu: Kinga ya Familia Kutoka Dar es Salaam Hadi Ujiji

Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni miongoni mwa safari ndefu kabisa ambazo familia inaweza kuzifanya ndani ya Tanzania bila kuvuka mpaka. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Wanaokwenda kwa gari hupita Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua na Uvinza kabla ya kuliona Ziwa Tanganyika. Wengi husafiri hivyo mwishoni mwa mwaka au wakati wa sikukuu, kwenda kuwaona babu na bibi, mashangazi na wajomba. Siku hizi baadhi yao humchukua pia mbwa mdogo wa nyumbani, kwa kuwa hawana wa kumwachia, au kwa kuwa watoto hawataki kuachana naye.

Mbwa anayesafiri na familia huandamana na afya yake au maradhi yake. Yale anayoyapata njiani huyapeleka anakokwenda, na ya huko huyarudisha nyumbani. Kati ya maradhi hayo, lililo hatari kuliko yote kwa binadamu ni kichaa cha mbwa.

Funzo kutoka njia ya zamani

Ujiji si mji mgeni kwa habari za wasafiri na mbwa wao. David Livingstone, aliyekaa mjini hapo na kukutana na Henry Morton Stanley mwishoni mwa mwaka 1871, aliianza safari yake ya mwisho akiwa na mbwa mdogo wa aina ya poodle aliyeitwa Chitane. Tarehe 15 Januari 1867, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Zambia, msafara ulivuka bwawa pana ambalo maji yake yaliwafika watu kiunoni. Kila mtu alishughulika kujiokoa mwenyewe, na hakuna aliyemkumbuka mbwa. Chitane alizama.

Siku tano baadaye wapagazi wawili walitoroka, na pamoja nao likapotea sanduku la dawa. Kwa Livingstone hasara hiyo ilikuwa sawa na hukumu ya kifo. Alipofika Ujiji mwezi Machi 1869, akiwa mgonjwa wa mapafu, alikuta dawa alizotumiwa zimebaki Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, umbali wa siku kumi na tatu kwa miguu.

Visa hivyo viwili vina mafunzo mawili ambayo hayajachakaa. Kwanza, mbwa wa safari awe na mtu mmoja aliyekabidhiwa kumwangalia, kwani mzigo wa wote huishia kuwa mzigo wa asiyekuwapo. Pili, dawa na kinga vitafutwe kabla ya kuondoka, maana njiani huenda visipatikane.

Chanjo kwanza, tiketi baadaye

Mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa kwa kawaida afikishapo umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayoitoa daktari wa mifugo. Mwili wake huhitaji majuma matatu hadi manne baada ya chanjo ya kwanza ili kujenga kinga ya kutegemewa. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa siku moja kabla ya safari bado hajawa na kinga hiyo. Familia inayokusudia kuondoka katikati ya Desemba inapaswa kumpeleka mbwa wake kwa daktari wa mifugo kabla Novemba haijasonga mbele.

Siku hiyohiyo mbwa apewe dawa ya minyoo na ya kuzuia kupe na viroboto, na achanjwe pia dhidi ya distempa. Ugonjwa huu haumpati binadamu, lakini unaweza kuwaangamiza wanyamapori: mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na chanzo chake kilihusishwa na mbwa wafugwao. Katika mkoa wenye hifadhi za Gombe na Mahale jambo hilo si dogo. Mbwa wa nyumbani hapelekwi hifadhini hata akiwa mdogo kiasi cha kubebwa kwapani.

Cheti cha chanjo kitunzwe pamoja na nyaraka za familia. Ofisi ya mifugo ya wilaya iulizwe mapema kuhusu kibali cha kumsafirisha mnyama, na wenye basi au treni waulizwe kama wanampokea mbwa na kwa masharti gani.

Njiani: joto, maji na mbung'o

Mbwa hatoi jasho la kutosha kumpoza kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema. Gari lililoegeshwa juani Dodoma au Manyoni, hata likiachwa na upenyo mdogo dirishani, linaweza kumuua kwa muda mfupi. Asiachwe humo wakati familia inakula. Apewe maji kila kituo, chakula kidogo kabla ya kuondoka, na afungwe kwa mkanda au awekwe katika kikapu imara ili asimrukie dereva.

Baada ya Tabora barabara huingia katika misitu ya miombo, na ukanda huo hadi Bonde la Malagarasi una historia ndefu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Mbung'o huvutwa na kitu kiendacho, gari likiwemo, na hupendelea rangi ya bluu na nyeusi. Madirisha yafungwe, na wasafiri wavae nguo za rangi hafifu zenye mikono mirefu. Mbwa naye huweza kuambukizwa. Akipata homa, akikonda au macho yake yakifanya ukungu siku chache baada ya safari, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Binadamu mwenye homa isiyopona kwa dawa za malaria amweleze mganga njia aliyopita.

Ugenini Ujiji

Ujiji ni mji wa kale wa Waswahili, na familia nyingi humo ni za Kiislamu. Katika nyumba nyingi mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mgeni mwenye adabu hafiki na mbwa kwa kushtukiza. Humpigia simu bibi au shangazi mapema, akaomba radhi na ruhusa, na kukubaliana naye mahali mbwa atakapolala nje ya nyumba. Mbwa awe na bakuli lake, asiingie jikoni wala mahali pa kusalia.

Ufukweni uangalifu huongezeka. Huko Kibirizi na Katonga dagaa huanikwa, na chakula hicho cha watu wengi hakipaswi kukanyagwa wala kuchafuliwa na mnyama. Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo inayoweza kumwingia mtoto achezaye mchangani. Kizolewe na kufukiwa mbali na maji. Muhimu zaidi, mbwa asiachwe azurure na mbwa wa mtaa, kwa kuwa jeraha dogo la ugomvi wa usiku mmoja laweza kuwa mwanzo wa msiba.

Anapong'ata

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na takriban wanne kati ya kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu maambukizi yote ya binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaonekana, mgonjwa huwa hana tumaini la kupona. Kabla hazijaonekana, kinga ipo, nayo hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema na kukamilishwa.

Mtoto aking'atwa, akikwaruzwa hadi kutoka damu, au mate ya mbwa yakimwingia jichoni, mdomoni au kwenye kidonda, huduma ya kwanza ni maji na sabuni. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha lipakwe dawa ya kuua vijidudu kama iodini. Lisipakwe pilipili, jivu, mafuta ya taa wala majani. Baada ya hapo mtoto apelekwe mara moja katika kituo cha afya, hata jeraha likiwa dogo, na hata mbwa akiwa wa nyumbani. Watoto wengi huficha jeraha la mbwa wanayempenda kwa kuogopa atauawa. Wazazi wawahakikishie mapema kuwa kusema hakutaleta adhabu.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Akiwa anaweza kufungwa salama, awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10 na ofisa mifugo aarifiwe, lakini matibabu ya mtu yasingoje siku hizo ziishe. Mbwa anayebadilika tabia, anayetokwa na udenda au anayeshindwa kumeza asitiwe mkono kinywani kwa kudhaniwa amekwamwa na mfupa. Kichaa huweza kuja kwa ukali, au kwa unyonge na kupooza.

Ugonjwa usioijua ratiba ya likizo

Virusi vya kichaa husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi miwili hadi mitatu, ingawa muda huo huweza kuwa juma moja au hata mwaka. Mtoto aliyeng'atwa Ujiji katika juma la Krismasi anaweza kuwa amerudi shuleni Dar es Salaam, jeraha limepona na kila mtu amesahau, wakati ugonjwa unapoanza.

Ratiba ya chanjo nayo haisubiri safari. Kwa kawaida dozi ya kwanza hutolewa siku mtu afikapo kituoni, inayohesabiwa kuwa siku ya 0, kisha siku ya 3 na ya 7, na katika baadhi ya ratiba hufuata nyingine kati ya siku ya 14 na ya 28. Jeraha lililopenya ngozi huhitaji pia kingamwili zinazodungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe. Familia yenye likizo ya juma moja huenda ikalazimika kupata dozi moja Kigoma, nyingine Tabora, na ya mwisho Dar es Salaam. Hapo ndipo wengi hukatiza: hudhani sindano ya kwanza imetosha, au hawajui wapi pa kuendelea.

Mhudumu wa afya anayetoa dozi ya kwanza ana wajibu wa kumwuliza mgonjwa siku atakayoondoka na njia atakayopita. Aandike kwenye kadi aina ya chanjo, mahali ilipodungwa, na tarehe za dozi zilizobaki, kisha apige simu kwenye kituo kilicho mbele kuhakikisha chanjo ipo. Ikiwa haipo, ni heri familia icheleweshe safari kwa siku chache. Mhudumu anayempokea mgonjwa upande wa pili naye aiangalie kadi na kuendeleza ratiba, bila kuianza upya kwa kukosa maelezo. Wote wawili wamtaarifu ofisa mifugo wa mahali palipotokea jeraha, maana mbwa aliyeng'ata mtu mmoja huenda amekwisha kung'ata wengine.

Kwa upande wa familia, kadi ya chanjo ya mtoto na cheti cha chanjo cha mbwa vikae katika bahasha moja, naye mtu mmoja mzima, anayejulikana kwa jina, akabidhiwe bahasha hiyo na mbwa mwenyewe tangu kuondoka nyumbani hadi kurudi.