Hedifoni Inanong'ona? Kagua Kwanza, Nunua Baadaye

Umechomeka kadi ya sauti ya USB kwenye laptopu, umepandisha sauti mpaka mwisho, na bado hedifoni inanong'ona. Kwa mtu wa Mnero, wilayani Nachingwea, uamuzi wa pupa hapa unakula hela mara mbili: bei ya kifaa, halafu nauli ya kukifuata Nachingwea mjini au ada za kukiagiza Kariakoo. Basi pochi ikae kwanza. Mara nyingi tatizo hili huisha bila kutoa hata shilingi.

Ukaguzi wa bure

Anza kwa kubadilisha. Chomeka hedifoni hiyo hiyo kwenye simu. Ikilia vizuri, ni nzima. Angalia kadi au kompyuta. Ikinong'ona huko pia, usinunue kadi nyingine: utakuwa unamtibu asiyeumwa.

Pili, mipangilio. Windows ina sauti kuu na ina sauti ya kila programu peke yake; moja ikiwa chini, kupandisha nyingine hakusaidii. Hakikisha pia kifaa kilichochaguliwa kutoa sauti ni kadi ya nje. Wanaosoma au kufanya vikao mtandaoni wana mtego wao: Windows inaweza kushusha sauti nyingine zote kwa asilimia 80 inapohisi kuna maongezi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, sehemu ya mawasiliano, uiambie isifanye chochote.

Tatu, tundu. Kadi zenye matundu mengi huwa na la hedifoni na jingine la kupeleka sauti kwenye amplifaya. Ukikosea tundu, sauti inatoka lakini imechoka. Kisanduku cha kurekodia kwaya, yaani kadi kubwa ya nje ya kuchomekea maikrofoni, kina mtego zaidi: mara nyingi kina kitufe cha kuzungusha cha sauti ya hedifoni, na kingine cha kuchanganya maikrofoni na kompyuta. Hicho cha pili kikiwa kimeelekea upande wa maikrofoni, muziki wa kompyuta unazama hata ukizungusha cha kwanza mpaka kigome.

Nne, sikiliza sauti ilivyodhoofika. Kama mwimbaji ametoweka, besi imekufa, na kilichobaki ni mwangwi na vyombo vya pembeni, pini haijaingia yote au waya unaotumiwa na masikio yote mawili umekatika. Sukuma pini mpaka mwisho. Ikirudi sawa, umemaliza kazi. Kwa zile ndogo za kuingiza sikioni, tazama wavu wake kwenye mwanga. Nta ikiziba, sauti hupungua upande huo. Safisha kwa mswaki mkavu ulio laini, wavu ukielekea chini.

Namba ya kusoma kabla ya kulipa

Kwenye hedifoni au boksi lake kuna namba ya ohm, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Za simu huwa kati ya 16 na 32. Za studio zinaweza kuwa 80, 250, hata 600. Kadi ikitoa volti 1, hedifoni ya ohm 32 inapata miliwati 31 hivi. Ya ohm 250 inapata miliwati 4 tu. Ndiyo maana hedifoni kubwa ya mtumba, iliyonunuliwa kwa sababu "ni ya studio", inaweza kuzidiwa na ya bei chee. Hedifoni ni nzima, ila kadi haina nguvu ya kuisukuma.

Chaguo, kutoka rahisi kwenda ghali

Vikomo ninavyotaja ni vya shilingi, na ni vya kumlinda mnunuzi. Bei ikivuka hapo, achana nayo.

Kubadilisha pini kwa fundi simu: kikomo 5,000. Waya ukiwa umekatika karibu na pini, hakuna matumizi bora kuliko haya. Pini ya chuma hudumu kuliko ya plastiki. Jaribu papo hapo kabla ya kulipa.

Kadi ndogo ya USB: kikomo 15,000. Inatosha hedifoni ya ohm 32. Chagua yenye kipande cha waya. Ile inayochomoza moja kwa moja kwenye laptopu ikigongwa inaharibu na tundu la USB. Epuka kiunganishi cha USB-C kisicho na kadi ya sauti ndani: kwenye simu fulani kinalia, kwenye laptopu kimya.

Hedifoni nyingine ya ohm 32: kikomo 25,000. Kwa aliyenasa na ile ya ohm 250 na hana kazi ya studio, hii ndiyo njia ya hela kidogo. Iuze ile kubwa.

Amplifaya ya hedifoni: kikomo 80,000, na iwe ni kwa mwenye hedifoni ya ohm nyingi anayeifanyia kazi kila siku. Uliza kama adapta ya umeme, waya wa kuunganishia na kigeuzi cha pini kubwa vimo. Kwa anayetumia sola, inayokula umeme wa USB inafaa kuliko inayotaka adapta ya ukutani.

Kisanduku kizima cha kurekodia: usikinunue kwa ajili ya kuongeza sauti tu. Kinalipa kama unarekodi kwaya au wasanii. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa sababu USB 2.0 inatoa miliampia 500, na kigawanyio kisicho na umeme wake kinaigawa hiyo kwa vifaa vyote.

Kuna programu za bure za kuongeza sauti, lakini zikizidi asilimia 100 sauti inaweza kuanza kukwaruza. Zinafaa kwa hotuba iliyorekodiwa chini, si suluhisho la kudumu.

Hela zisizotajwa dukani

Tuseme kadi ni 12,000. Weka ada ya kutuma pesa, ya kutolea ambayo muuzaji anataka umwongezee, kifurushi cha basi 5,000, na bodaboda ya kukifuata. Ya 12,000 imekaribia 20,000, na haijajaribiwa bado. Ikiwa mbovu, kuirudisha kunakula 5,000 nyingine.

Kwa hiyo mwandikie muuzaji mapema: "Bosi, ijaribu kwa hedifoni ya kawaida, nirekodie video, na niambie jumla mpaka inafika stendi ya Nachingwea." Akisita, tafuta mwingine. Dai risiti ya EFD, na muda wa kurudisha uandikwe.

Uamuzi

Kama unayo 5,000 tu, ukaguzi wa bure na fundi. Kama unayo 20,000 na hedifoni imelia vizuri kwenye simu, agiza kadi ndogo, gharama zote zikiwemo. Amplifaya na kisanduku vinaweza kusubiri malipo ya ufuta au korosho.

Na sauti ikipatikana, usiipandishe mpaka mwisho: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Sikio halina spea Kariakoo.