Vijana Wetu na Kambi za Skuli

Kila inapokaribia likizo, watoto wetu wa umri wa miaka 14 hadi 16 hurudi nyumbani na barua kutoka kwa mwalimu wao mkuu. Barua hiyo humtaka mzazi atoe ruhusa mwanawe aende kambini siku tatu, nne au tano: alale hemani, apande mlima, apike kwa kuni, akae na wenziwe mbali na nyumba yao. Baba huisoma akaiweka juu ya kabati. Mama huuliza, "Huko watakula nini?" Bibi naye hukata shauri kwamba mtoto halali nje ya nyumba. Kisha huja chuoni kututaka maoni. Kwa kuwa suala hili hutufikia mwaka baada ya mwaka, tumeona ni vyema tulieleze hapa, ili kila nyumba ipate kulizungumza kwa utulivu.

Kwanza ifahamike kwamba asili ya kambi hizi si mchezo mtupu. Mwaka 1907, Baden-Powell, jemadari wa Kiingereza, aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini ya Uingereza, watoto wa matajiri pamoja na watoto wa wafanya kazi, wakakaa mahemani wiki moja. Kutokana na kambi ile kikazuka chama cha Skauti. Na mwanzilishi wake amezikwa papa hapa Afrika ya Mashariki, mjini Nyeri, alikofariki mwaka 1941. Mwaka huo huo wa 1941, mwalimu Kurt Hahn, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler, alisaidiana na Lawrence Holt, mwenye merikebu, wakafungua skuli ya Outward Bound huko Aberdovey, katika nchi ya Wales. Zilikuwa siku za vita, na merikebu nyingi zikizamishwa. Holt aliamini kwamba mabaharia vijana, wenye miili yenye nguvu, walikuwa wakifa katika mashua za kuokolea, ilhali mabaharia wazee wakiokoka. Basi kilichowapungukia si nguvu, bali ni ustahimilivu na kujiamini. Katika miaka ya 1950 skuli ya namna hiyo ilifunguliwa Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro kwa upande wa Kenya.

Sasa na tuutazame umri wenyewe. Mtoto wa miaka 15 si mtoto, wala hajawa mtu mzima. Sauti imebadilika, mwili umerefuka, aya amezihifadhi, lakini moyo wake waenda huku na huku. Leo hucheka, kesho hafungui mlango wa chumba chake. Maradhi mengi ya moyo na akili yanayowasumbua watu wazima huanza kabla ya umri wa miaka 18, na aghalabu huanza kimya kimya. Wazee wetu waliujua uzito wa umri huu. Imepokewa kwamba Abdullahi bin Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alihudhurishwa mbele ya Mtume (S.A.W.) wakati wa vita vya Uhud, naye ana miaka 14, asiruhusiwe, akahudhurishwa wakati wa Khandaq, naye ana miaka 15, akaruhusiwa. Twajifunza hapa kwamba kijana hutazamwa, hupimwa, huzuiliwa asipokuwa tayari, na hufunguliwa njia wakati wake unapowadia. Kumfungia daima si malezi, na kumwachilia ovyo si malezi vile vile.

Je, kambi yamfaa nini? Tuanze na usingizi. Waganga wanasema kijana wa umri huu ahitaji kulala saa nane hadi kumi kwa usiku mmoja; tena akibaleghe, saa ya mwili wake husogea mbele, hata usingizi humjia kwa kuchelewa. Basi mzazi asidhani kila anayekesha ni mkaidi. Lakini taa na simu huzidisha taabu hiyo. Mwaka 2013 wataalamu wa chuo kikuu cha Colorado, Marekani, walieleza habari za watu wazima wanane waliokaa mahemani wiki moja, hawana nuru ila ya jua na ya moto: saa zao za mwili zikarudi mapema kwa muda wa saa mbili hivi. Mwaka 2014 wataalamu wengine wa Los Angeles walieleza habari za wanafunzi 51, wadogo kidogo kuliko hawa wetu, waliokaa kambini siku tano bila ya simu wala televisheni. Walipopimwa tena, walikuwa wamezidi kutambua furaha na huzuni katika nyuso za watu kuliko wenzao waliobaki na vyombo vyao. Mzazi ambaye huongea na mwanawe naye ameinamia simu ataelewa thamani ya jambo hili.

Lakini hatusemi kwamba kila kijana hunufaika kwa kupelekwa tu. Kijana mmoja wa chuo chetu, wa miaka 15, alikataa kabisa kwenda. Nyumbani wakamwita mvivu, na wenziwe wakamwita mwoga. Tulipokaa naye faraghani baada ya darasa, alisema kwa taabu kwamba bado hukojoa kitandani usiku, naye aliona heri aitwe mwoga kuliko siri hiyo ijulikane hemani. Yapata kijana mmoja katika kila mia wa umri wake ana tatizo kama hilo. Si uvivu wala si utovu wa adabu, na mganga aweza kulitibu. Kwa idhini yake tukamweleza mwalimu mmoja tu wa skuli, mtu amini. Ikapangwa alale karibu na mlango, aamshwe usiku kwa ishara, na awe na shuka ya pili ndani ya mkoba. Akaenda, akapanda mlima pamoja na wenziwe, akarudi na siri yake. Laiti angechekwa, angeliumia kwa miaka mingi.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msiyafiche maradhi ya watoto wenu kwa kuona haya. Pumu, kifafa, sukari, na huzuni ya kufiwa: yote yaelezwe kwa mwalimu kabla ya safari, na dawa zifungwe pamoja na maandishi. Nanyi mna haki ya kuuliza. Walimu wangapi wanakwenda? Nani atawalinda wasichana, na hema zao zitakuwa wapi? Hospitali iko umbali gani? Wataingia majini, na nani ajuaye kuogelea atasimama ukingoni? Mwaka 2021 peke yake yapata watu 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Tena ulizeni: wakubwa wanazuiwaje wasiwaonee wadogo wakati wa usiku? Skuli isiyokuwa na majibu isipewe sahihi yenu.

Ama ibada, hazizuii safari. Mwanafunzi aagane na mwalimu mapema juu ya nyakati za sala na chakula cha halali. Wengi hudhani kila aliye kambini hukusuru. Katika madhehebu yetu ya Shafii, safari iwe ya masafa ya yapata kilomita 80 au zaidi. Na mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hakusuru hapo. Wala baridi ya alfajiri mlimani si udhuru wa kutayamamu maadamu maji yaweza kupashwa moto. Kijana anayeamka mwenyewe hemani akawaadhinia wenziwe, bila ya mama kumwita, amejifunza jambo ambalo sisi chuoni hatuwezi kumfundisha kwa maneno.

Wasichana nao wasisahauliwe. Moyo wao ni moyo, na huzuni yao ni huzuni. Ikiwa mpango wa skuli haukuwatosheleza wazazi, basi akina mama na waalimat wawatayarishie safari yao wenyewe, yenye stara na walinzi wanaoaminiwa, wala wasiachwe dirishani wakiwatazama kaka zao wakiondoka.

Nasi wenye vyuo lituhusu. Tusimwadhibu mwanafunzi kwa sababu amekosa darasa siku tano. Na apewe juzuu ya kudurusu njiani, na arudipo asikilizwe kabla ya kuulizwa. Wazazi mfanye vivyo hivyo: usiku wa kwanza wa kurudi, mwacheni ale, alale, siku ya pili kaeni naye, aeleze aliyoyaona na yaliyomtisha, wala msimkatize.

Twamwomba Mola awahifadhi vijana wetu safarini na majumbani, na awape wazazi busara ya kujua wakati wa kushika na wakati wa kuachia. Amin.