Ekipe ya basiketi ya wasichana: anayesoma hapa anacheza hapa



Mashindano ya shule yanapokaribia, wakubwa wengine wanaanza kutafuta wachezaji nje. Msichana mrefu anaonekana katika shule ya mtaa mwingine. Anaahidiwa kulipiwa minervali, naye anahama. Mashindano yakiisha, ahadi nayo inaisha. Yeye anabaki bila makuta ya shule, na wale waliofanya mazoezi mwaka mzima wamekaa kwenye benchi wakitazama.

Shule moja ya sekondari tunayoitembelea iliamua kuacha desturi hiyo. Lakini katika mkutano wa wazazi, baba mmoja alisimama akauliza: «Mmesema hakuna tena kuleta wachezaji. Basi hawa wasichana wa kambini ni nani?» Watu wakanyamaza. Swali lake lafaa kujibiwa waziwazi.

Je, mkimbizi wa ndani ni mchezaji wa kuletwa?

Hapana. Mchezaji wa kuletwa ni yule aliyetafutwa kwa sababu ya mpira. Mtoto aliyekimbia vita hakutafutwa na mtu. Alikuja na mama yake na godoro kichwani, akaandikishwa shuleni kama wengine. Prefe wa shule alileta daftari za madarasa mkutanoni akasoma majina yote ya ekipe. Kila jina lilikuwamo. Yule baba hakufurahi siku ile, lakini hakuna msichana aliyeondolewa. Kanuni ikabaki fupi: anayesoma hapa anacheza hapa, awe mwenyeji au mkimbizi.

Je, inawezekana kushinda bila kuleta watu?

Inawezekana, ila inataka uvumilivu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Anzeni na wadogo. Msichana anayeanza katika darasa la saba ana miaka sita mbele yake, mpaka mwaka wa nne wa humanite. Anayeletwa kwa mashindano ana wiki chache tu. Shule hiyo ilipoteza karibu michezo yote mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu ilianza kuzishinda shule zilizokuwa zikiifunga.

2. Fundisheni yasiyohitaji urefu. Kupiga mpira chini kwa mikono yote miwili, kupasi haraka, kusimamisha miguu bila kukosea hatua, kumzuia mpinzani bila kumgusa. Urefu haufundishwi, lakini kukimbia kurudi kulinda kunafundishwa. Ekipe inayorudi haraka haifungwi kwa urahisi.

3. Tumieni mlichonacho. Kiwanja cha udongo ulioshindiliwa kinatosha kuanzia. Ringi iwekwe kwenye urefu wa mita 3.05, hata kama nguzo ni ya mti, ili wasichana wasishangae wakienda kucheza kwingine. Mpira wa wanawake ni namba 6, mdogo kidogo kuliko ule wa wanaume, ambao ni namba 7.

4. Wachanganyeni. Wachezaji watano tu wako kiwanjani kwa wakati mmoja, lakini ekipe ni watu 12. Kwenye mazoezi, kila mwenyeji apewe mwenzake wa kambini, na wawili hao wabadilishwe kila wiki. Asiyetoa pasi kwa mwenzake hapati pointi. Hapo wanajifunza majina, kisha lugha, kisha njia ya kwenda nyumbani kwa mwenzake.

5. Walindeni. Mazoezi yaishe mapema ili kila mtoto afike nyumbani kabla ya giza. Mama mmoja awepo daima kiwanjani, hasa kama kocha ni mwanaume. Wasichana waelezwe nani wa kumwambia wakisumbuliwa na mtu yeyote, kocha naye akiwemo. Wawe huru kuvaa suruali ndefu au kitambaa kichwani. Choo na maji viwe karibu, ili hedhi isimzuie mtoto kucheza wala kusoma.

6. Masomo yatangulie. Anayeanguka darasani asifukuzwe kwenye ekipe. Asaidiwe na wenzake saa moja kabla ya mazoezi. Kwa wengine mpira ndio unaowafanya warudi shuleni kesho yake.

Mchezo huu ni wetu pia

Wapo wanaosema basiketi si ya watoto wanawake. Wakumbuke kwamba wanawake wa nchi yetu, wakati ikiitwa Zaire, walichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994, na wakacheza Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa katika ekipe hiyo ya Atlanta. Baadaye alipata ubingwa wa WNBA kule Marekani na Los Angeles Sparks, mwaka 2001 na 2002.

Viongozi wafanye nini?

Chefu wa kijiji, komite ya wazazi na komite ya kambi wakutane kabla ya mashindano, waandike kanuni moja na kuisoma mbele ya watu wote. Mkishindwa, msimtupie lawama «yule wa kambini». Mkishinda, msiseme ni «wetu» peke yao.

Yule baba aliyeuliza swali bado anakuja kutazama mechi. Binti yake anacheza, na anayempa pasi nyingi ni msichana wa kambini. Sisi hatujamkumbusha swali lake. Yeye mwenyewe anawaita wote wawili kwa majina.