Ndege ya maboksi, masizi ya upande wa kulia

Mtoto anayejua kuunda gari la waya na vizibo vya soda hahitaji kushawishiwa ili aunde ndege. Anachohitaji ni mtu mzima wa kukaa naye. Likizo inapofika, nyumba nyingi za Mbagala hubaki na kijana wa miaka 12 au 14 ambaye, akishatoka madrasa, mchana wake wote huishia kwenye simu ya mama au kwenye kibanda cha michezo ya televisheni. Kwa nyumba kama hizo tunapendekeza kazi ya wiki tatu au nne, ya baba au mjomba pamoja na kijana wake: kuunda mfano mkubwa wa ndege, kisha kuuchakaza kwa makusudi hadi ufanane na ndege iliyokwishafanya kazi.

Hilo la pili ndilo linalowashangaza wazazi. Kwa nini kitu kipya kipakwe uchafu? Jibu ni kwamba kila alama iliyo juu ya ndege ya kweli ina sababu yake, na kijana anayetakiwa kueleza sababu ya kila doa kabla ya kulipaka huwa ameingia katika elimu ya injini, ya upepo na ya viwanja vya ndege bila mtu kumtangazia kwamba anasoma.

Kwanza, ichaguliwe ndege gani? Seti za plastiki zinazotengenezwa nje, zenye vipande mamia vya kuunganishwa kwa gundi, zina bei kubwa na nyingi mno ni za ndege za kivita, pamoja na mabomu madogo ya kuning'iniza chini ya mbawa. Mbagala ina kumbukumbu yake ya mabomu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la kambi ya jeshi lililipuka hapa, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha na nyumba nyingi zikabomoka. Wapo wazazi ambao hadi leo mlio mkubwa huwashtua. Mwandishi haoni sababu ya bomu kuwa pambo la sebuleni katika mtaa huu.

Ndege inayofaa zaidi ni Cessna Caravan, ile yenye injini moja na bawa la juu, ambayo kampuni kama Auric Air na Coastal Aviation zimekuwa zikiitumia kwa safari za Zanzibar, Mafia na mbuga za wanyama. Magurudumu yake hayakunjwi, na umbo lake halina mikunjo migumu. Ile ndefu, 208B, ina urefu wa takriban mita 12.7 na upana wa mbawa wa takriban mita 15.9. Gawanya kwa 24, nawe utapata mfano wa sentimita 53 kwa 66. Hesabu hiyo aifanye kijana mwenyewe, kwa kila kipande.

Kuhusu dini, ndege ni kitu kisicho na roho. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mtu aliyekuwa akiishi kwa uchoraji achore miti na vitu visivyo na roho. Suala huzuka kwa yule rubani mdogo wa plastiki anayewekwa kwenye kiti. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu vinyago vya watoto, lakini fundi ana njia nyepesi: avipake vioo rangi nyeusi yenye kung'aa, na ndani hapatahitajika mtu. Kwa mbali, vioo vya ndege ya kweli navyo huonekana hivyo hivyo.

Kiwiliwili huundwa kwa mbavu za boksi gumu zilizopangwa kwa mstari, kisha huvikwa boksi jembamba. Njiti za mishikaki hufanya uti wa bawa. Mapengo hujazwa kwa karatasi iliyolowekwa katika gundi nyeupe ya mbao, na ikikauka hupigwa msasa. Hapa pasiwe na haraka, kwa kuwa rangi haifichi kasoro, huitangaza. Mkia nao usidharauliwe. Wanahistoria wa Andalusia wamesimulia kuwa Abbas ibn Firnas wa Cordoba, katika karne ya 9, aliruka kwa mbawa alizojiundia akaumia wakati wa kutua, na sababu iliyotajwa ni kwamba hakujiwekea mkia.

Wengine hupenda kuchonga pua ya ndege kwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni. Ni jepesi na hukatika vizuri, ila rangi ya kupuliza hulila likabaki mashimo. Lipakwe kwanza gundi nyeupe mara mbili au tatu, likauke, ndipo lipate rangi.

Gundi yenyewe ichaguliwe kwa uangalifu. Barabara ya Kilwa inayopita Mbagala ndiyo iendayo Rufiji, ambako Waingereza waliiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg kuanzia mwaka 1914 hadi 1915. Baadhi ya ndege walizozileta zilishindwa na joto na unyevu wa pwani kabla ya kushindwa na adui, kwani gundi iliyoshika mbao zake iliachia. Mfano uliogundishwa kwa pupa na kuachwa chini ya bati la Mbagala mwezi wa Januari utapatwa na yale yale.

Lipo jambo zito zaidi. Gundi kali ya viatu na thina vina mvuke unaolevya na kudhuru, na mzazi anajua ni vijana gani wanaoonekana mitaani wakiwa na chupa puani. Vitu hivyo visiingie katika kazi hii. Gundi nyeupe na rangi za maji zinatosha, na ikilazimu kupuliza rangi, kazi hiyo aifanye mtu mzima, uani.

Sasa uchakavu. Wakazi wa Rangi Tatu watafurahi kusikia kuwa rangi tatu zinatosha: nyeupe, nyeusi na nyekundu ya udongo. Vingine vimo jikoni, yaani masizi ya sufuria, vumbi la mkaa, na udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa.

Anza na jua. Rangi ya mgongo na ya juu ya mbawa ichanganywe na nyeupe kidogo, kwani huko ndiko inakopauka. Kisha changanya rangi nyeusi na maji mengi na tone la sabuni, upitishe kwenye maungio ya milango, halafu ufute kwa kitambaa chenye unyevu kuelekea mkiani, upepo unakoelekea.

Bomba la moshi la Caravan liko upande mmoja tu, chini ya pua, kulia kwa rubani. Kwa hiyo masizi hutambaa ubavuni na tumboni upande wa kulia, yakififia kadiri yanavyokwenda nyuma. Aliyepaka masizi pande zote mbili hakuitazama ndege. Vumbi jekundu hurushwa na magurudumu katika viwanja vya udongo, basi mahali pake ni tumboni na chini ya mkia. Juu ya bawa halina njia ya kufika. Kingo za panga za mbele huchubuliwa na changarawe, na ngazi ya mlango huchubuliwa na viatu. Huko gusa kwa kipande cha sponji kilichokaribia kukauka, kidogo sana.

Kosa la wengi ni kuzidisha. Ndege za abiria huoshwa, na daladala pia. Mpeleke kijana stendi akatazame gari lililooshwa asubuhi na kurudi jioni: vumbi limeanzia wapi, limekoma wapi, mikono ya abiria imefuta wapi. Arudi na mchoro wa penseli.

Mwisho ziandikwe herufi za usajili zikianza na 5H, alama ya ndege za Tanzania, na juu ya masizi ipite vanishi ya maji isiyong'aa ili yasishike mikononi. Ining'inizwe kwa mshipi wa kuvulia, mbali na feni, na juu kiasi cha kutofikiwa na wadogo, upande wa kulia ukitazama mlango.