Fahamu: Kwa nini soda ya moto hufoka kuliko ya baridi

Agiza soda mgahawani Tukuyu, utaulizwa: ya baridi au ya moto? Ukichagua ya moto, yaani isiyopita kwenye friji, ifungue taratibu, la sivyo utafuta meza.

Mapovu yake ni kabonidayoksaidi, gesi ambayo wilayani Rungwe, uliko mji wa Tukuyu, hutoka ardhini yenyewe. Kwenye eneo la Kyejo, mlima wa volkano, kampuni ya TOL Gases huivuna kisimani, na viwanda vya vinywaji ni miongoni mwa wateja wa gesi ya aina hiyo.

Siri ya kufoka ni jinsi vitu vinavyoyeyuka majini. Sukari hupenda joto: lita moja ya maji ya nyuzi 20 huyeyusha takriban kilo 2, na yakikaribia kuchemka, karibu kilo 5.

Gesi ni kinyume. Katika mgandamizo wa hewa wa kawaida, lita ya maji ya nyuzi 0 hushika gramu 3.3 hivi za kabonidayoksaidi; ya nyuzi 20, kama gramu 1.7 tu. Joto huzipa molekuli nguvu ya kutoroka. Kwa hiyo kiwandani kinywaji hupozwa, kisha gesi hushindiliwa kwa mgandamizo mkubwa. Mwingereza William Henry aliueleza uhusiano huo mwaka 1803: mgandamizo ukiongezeka, gesi nyingi zaidi huyeyuka. Kizibo kikitoka, hesabu inageuka: mgandamizo hushuka, gesi hutoroka.

Ziwa nalo laweza kufoka. Agosti 21, 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitema kabonidayoksaidi iliyoyeyuka kilindini, ikaua watu wapatao 1,700.